Mtani, Kikundi Chetu Hakijafa

Mtani wangu Kondo,

Sijui kama huko uliko mtu anaruhusiwa kupokea barua ya Mnyamwezi, au wazee wako wa Kizaramo wameshakaa mlangoni wanadai hongo kabla haijakufikia. Ndivyo walivyowafanyia babu zangu njia nzima ya kwenda pwani, watu wa watu wana mizigo mabegani, na sioni kwa nini wabadili tabia kwa sababu tu wamekufa. Basi ikichelewa, usinilaumu mimi. Waulize ndugu zako.

Nakuandikia kukupa habari za kikundi, maana najua uliondoka nacho moyoni. Siku ile nilipokuja kukutazama hospitali, sauti yako imeshakuwa nyembamba kama uzi, hukuniuliza habari za wanangu wala za karakana. Uliniuliza, "Jumamosi mnaezeka kwa nani?" Nikakutajia. Ukafumba macho kama mtu aliyeshiba.

Kwanza mazishi, kwa kuwa hukuyaona vizuri. Nilitimiza wajibu wangu wa utani. Nilivaa kofia yako ya kazi, ile yenye madoa ya lami, nikatembea mbele ya waombolezaji nikichechemea kama wewe, mkono kiunoni, nikimuuliza kila niliyempita, "Na wewe, Jumamosi ulikuwa wapi?" Mkeo, Shemeji Tatu, alikuwa ndani na wanawake, analia. Akanisikia, akachungulia dirishani, akacheka mpaka wakamshika. Tulipofika njia panda nikasimama katikati, nikalizuia jeneza, nikadai ushuru wa wapagazi wote waliowahi kupita mikononi mwenu. Shehe alinikazia macho, lakini naye ni mtoto wa Tabora, anajua mtani hafukuzwi msibani. Wakanipa nusu andazi. Nikakuachia upite.

Balaa langu lilianzia hapo. Watu wa kikundi waliona nilivyowachekesha, wakadhani mimi ni mchekeshaji. Tulipokutana baada ya arobaini kumtafuta wa kushika nafasi yako, wote wakanitazama mimi. Hawakujua, Kondo, kwamba maneno huwa nayo nikiwa na wewe tu. Usipokuwepo, mimi ni seremala, na mbao haitaki maneno.

Unakumbuka tulivyoanza. Jirani yako mmoja pale Gongoni, mzee asiye na mtu, ukuta wake ulilowa kwa paa bovu, kipande kikaanguka karibu na kitanda. Ukanijia karakanani Ng'ambo, ukasema wewe una mabati makuukuu uliyopewa na mtu anayejenga, mimi nina vipande vya mbao vinavyoliwa na mchwa, na wote wawili hatuna akili ya kupumzika siku ya mapumziko. Tukapanda. Jumamosi iliyofuata ukaja na mtu wa tatu, kisha wa nne. Mpaka tunakipa kikundi jina la Mvua Isitukute, ulikuwa ukipita mtaani na ngazi begani na watu wanakufuata kama harusi. Miaka yote ile wewe ulileta watu, mimi nikaezeka. Sikuwahi kujiuliza unawatoa wapi. Nilidhani wanakuja kwa kuwahurumia wazee. Nilidhani huruma inatosha kumtoa mtu kitandani Jumamosi asubuhi.

Jumamosi yangu ya kwanza kama mwenyekiti walikuja wengi, kwa heshima yako. Ya pili walipungua. Ya tatu nikaanza kusikia habari za wageni wa ghafla, harusi za Urambo na watoto wenye homa. Nikajaribu kila jambo ambalo mtu mwenye akili angejaribu. Nilifungua kundi kwenye simu. Ijumaa jioni vidole gumba vinajaa, Jumamosi asubuhi wenye vidole hawaonekani. Niliomba nafasi msikitini baada ya swala ya Ijumaa nikaeleza thawabu ya kumsitiri mzee. Mama Shija naye akasema kanisani kwao. Unamkumbuka Mama Shija, yule mama wa Igunga anayeuza dagaa, uliyempa jina la Jemadari kwa sababu anatembea na mabati kichwani kwenye upepo kana kwamba amebeba kitenge. Watu wapya walikuja kweli. Walifanya kazi siku moja, wakashukuru, wakaaga, ikawa basi. Wengine waliuliza kama kuna fulana.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke mchangamfu, nilimwonyesha namna ya kupiga msumari wa bati. Akapiga wa kwanza. Nikaung'oa, nikaupiga upya. Akapiga wa pili. Nikaung'oa. Alipofika wa tatu akanirudishia nyundo kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema, "Fundi, naona mkono wako unatosha." Akashuka ngazi, akachukua mkoba wake.

Basi mkono wangu ukatosha. Tukabaki mimi na Mama Shija, huku mawingu yameanza kukusanyika mchana, na mbele yetu kuna nyumba ya Bibi Nyamizi.

Bibi Nyamizi unamjua. Ni yule bibi mwenye nyumba ya tope mwisho kabisa wa Ng'ambo, aliyewahi kukufukuza na ufagio akidhani umekwenda kumpimia nyumba ili iuzwe. Tangu mwanawe alipohamia mbali akaacha kuja, bibi yule alikuwa hasemi na jirani yeyote zaidi ya kuitikia shikamoo. Safari hii mwenyewe alituma mtu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka, na mvua moja kubwa ingetosha kuulaza chini, pengine na yeye akiwa ubavuni mwake.

Tulikwenda wawili. Mimi juu, Mama Shija chini ananipandishia mabati. Bibi akatoa kigoda, akaketi uani na kibakuli cha michembe ya viazi, anatafuna huku anatutazama. Tulifanya kazi kimya, kama nilivyozoea. Baada ya muda akauliza, "Mbona kimya? Hayo mabati mmeyaiba?"

Mama Shija akamwambia hapana, bibi, yametolewa na watu. Bibi akasema basi hajaelewa. Akasema wakati wa usichana wake huko Uyui shamba halilimwi bila ngoma, na kwamba jembe lisiloimbiwa hugeuka likamkata mwenyewe mguu. Akameza, akajifuta mdomo kwa upindo wa khanga. Kisha ikatoka sauti ambayo mara ya kwanza nilidhani ni redio ya jirani:

"Fundi wetu kapandaje,
miguu kama korongo,
bati analibembeleza
kama bibi wa harusi."

Mama Shija akaanza kucheka mpaka bati lililokuwa kichwani mwake likawa linatetemeka na kupiga kelele. Mimi nilitaka kukasirika. Nilishika nyundo nikatafuta hasira, sikuiona. Tangu ufe, Kondo, hakuna mtu aliyekuwa amenitukana kwa mapenzi.

Nikamjibu kutoka juu kwamba angekuwa kijana ningemwoa nimfunge mdomo. Akanijibu bila hata kuvuta pumzi, "Nioe, mume wangu, nakusubiri. Lakini paa kwanza."

Ndipo majirani walipoanza kujitokeza. Kuna waliokuwa hawajaisikia sauti ya bibi yule kwa miaka. Walikuja kushangaa, na mtu aliyesimama kushangaa hawezi kusimama tu. Mmoja akashika ngazi kwa sababu ilikuwa inayumba, mwingine akampokea Mama Shija bati, mama mmoja akapindua ndoo akaanza kuipiga kama ngoma. Bibi akawa anawaimba mmoja mmoja kadiri wanavyoingia uani, kitambi cha huyu, viatu vya yule, na kila aliyeimbwa alicheka, akavua shati, akashika kazi. Alasiri ilipoadhiniwa tulikuwa tunafunga kofia kileleni mwa paa. Wengine walikuwa bado wanakandika ukuta wa nyuma kwa udongo mpya, na sikuwa nimewaomba.

Jumamosi iliyofuata nilipofungua karakana nilimkuta Bibi Nyamizi mlangoni, amepakiwa kwenye baiskeli na jirani yake, kigoda mapajani. Akaniuliza leo ni kwa nani. Nikamwamkia, nikamwambia bibi, nyumba yako imekwisha, hukuhitaji kuja tena. Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekusalimia kwa mkono wa kushoto. "Nani kakwambia nimekuja kuezekewa? Nimekuja kazini."

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila Jumamosi tunambeba na kigoda chake, tunamweka kivulini, anatuimba. Watu wakaanza kuja. Wengine walikuja kusikia nani ataimbwa, wengine walikuja kwa sababu wanataka waimbwe wao. Na asiyekuja aliimbwa vilevile. Hamisi wa cherehani, yule rafiki yako uliyekuwa unamwita Waziri kwa jinsi anavyovaa, alikuwa ameacha kabisa kuonekana. Alituma salamu kwamba jino linamsumbua. Bibi akaendelea kuwaimba wengine. Ulipofika wakati wa chai, akaanza:

"Hamisi wa cherehani,
Jumamosi jino bovu,
Ijumaa kaonwa wapi?
Dukani kwa Mangi, anakula muwa."

Jumatatu watoto walikuwa wanauimba mbele ya duka lake. Nilipopata habari nilikosa raha. Nikasema huyu mtu tumemwaibisha, sasa hatarudi kamwe. Jumamosi nikamkuta anasubiri karakanani kabla yangu, kanzu safi, kofia imenyooka. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Fundi, acha. Nilipousikia nilifurahi," akasema. "Tangu Kondo afe, nije nisije, hakuna aliyejua."

Akachukua ngazi, akaenda nayo mbele. Mimi nilibaki nyuma nikijifanya natafuta misumari.

Siku ile ndipo nilipoelewa zile safari zako, mtani. Ulikuwa unaaga karakanani kwangu katikati ya wiki, unasema unapita kutoa salamu kwa fulani, na hurudi mpaka jua linazama. Nilikuwa nasema moyoni kwamba Mzaramo hawezi kazi, anakwepa randa. Kumbe ile ndiyo ilikuwa kazi. Ulikuwa unamwuliza huyu mkewe amejifungua salama, yule amepata mbolea ya tumbaku, na Jumamosi ikifika anaona aibu kutokwenda mahali ambapo anajulikana. Sasa nami napita. Sina ulimi wako. Nikifika kwa mtu naamkia, nakaa, natazama milango yake, namwambia bawaba imelegea, naikaza, naondoka. Wanasema ndiyo mazungumzo yangu.

Nilipita na kwa yule mwalimu. Nilikuwa nimepanga maneno ya maana, yakapotea yote, nikamwambia tu kwamba misumari inamsubiri. Alirudi. Sasa yeye ndiye msimamizi wa misumari, anafundisha wanaoingia, na mimi nimekatazwa kugusa msumari uliopigwa na mtu mwingine. Ukimuuliza Bibi atakuimbia ubeti mzima wa jambo hilo.

Habari nyingine itakufurahisha zaidi. Watu wa kijiji cha Kigwa walisikia. Wakaja ujumbe mzima, wazee na akina mama, tukajua wanataka mabati. Wakasema mabati watatafuta wenyewe, ila wanaomba tuwaazime Bibi. Tukampeleka kwa treni. Alikuwa hajapanda treni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akakaa dirishani akiwapungia mkono watu wa kila stesheni kama mgombea. Alirudi baada ya siku chache na jogoo kwapani na matobolwa ya viazi ndani ya kikapu, akatuambia watu wa Kigwa wanaimba vibaya lakini wanapanda mapaa vizuri, na kwamba sasa wana kikundi chao. Jogoo huyo Bibi alikataa asichinjwe. Anaye mpaka leo, na amempa jina langu.

Sasa nikwambie la kwako.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia Jumatatu. Asubuhi nikasema niende Gongoni nikamtazame Shemeji Tatu, ametoka eda, hatujakaa kuzungumza. Nilipobisha hodi alichelewa kufungua. Nilipoingia nikajua sababu. Mabeseni, Kondo. Beseni kwenye kiti chako, beseni juu ya meza, sufuria katikati ya mlango wa chumba cha kulala, na bado linadondoka tone baada ya tone, kila chombo na sauti yake. Nyumba ya Kondo fundi bati, aliyewaezekea nusu ya wajane wa Tabora, inavuja kama kichujio cha chai.

Nilifanya kilichompasa mtani. Nilicheka. Tatu alinitazama akitaka kukasirika, kisha akacheka na yeye, akakaa chini kwenye mkeka palipokuwa pakavu. Nikamuuliza imevuja tangu lini. Akasema tangu miaka. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Shemeji, ningekwenda kumwambia nani kwamba nyumba ya Kondo inavuja?"

Nikapanda siku ileile. Nilikuta viraka vyako. Ulikuwa unakata madebe ya mafuta ya kupikia, unayanyoosha, unapachika kwa lami, na alama za kiwanda bado zinasomeka. Kila bati zuri lililopita mikononi mwako ulilipeleka kwa mtu mwingine, ukarudi kulala chini ya madebe. Watu huenda watakusifu kwa jambo hilo. Mimi mtani wako sikusifu. Ulimnyima usingizi mke wako ili ulale vizuri wewe. Niliketi juu ya paa lako nikakusema kwa sauti, na jirani aliyekuwa anapita akaniamkia kwa wasiwasi.

Niliporudi nikawaambia kikundi. Tulikuwa ukumbini, yaani karakanani kwangu. Kisha Mama Shija, Jemadari wako, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata kwake kunavuja. Anabeba mabati ya wenzake Jumamosi, mvua ikinyesha anasogeza kitanda cha watoto ukutani. Hamisi akasema na yeye, upande wa dukani. Mwingine akainua mkono, na mwingine. Tulitazamana kama wezi waliokutana gizani. Watu wote wale, na kila mmoja alikuwa anaona haya kuwa mgonjwa katika nyumba ya waganga.

Jana ilikuwa zamu yako. Sijawahi kuona watu wengi hivyo juu ya mabati. Kigwa walileta watu wao. Mwalimu alikuja na misumari yake, shehe alikuja na mabati mawili mapya kabisa, akaniambia nisizuie tena jeneza la mtu. Bibi Nyamizi alikuimba wewe, mtani, ubeti baada ya ubeti, akakumbuka na siku aliyokufukuza na ufagio, akasema angejua angekupiga vizuri zaidi. Watu walicheka huku wanafuta macho. Viraka vyako vyote vilishuka. Kimoja nimekichukua, kipo karakanani, wateja wananiuliza nauza mafuta bei gani.

Tulipokwisha kufunga kofia, Tatu akatoka jikoni, akajifunga khanga kiunoni, akasema nimshikie ngazi. Nikamwambia shemeji, kazi imekwisha. Akasema anajua. Akapanda taratibu, akaketi juu kabisa ya paa lake, akatazama mapaa ya Gongoni, na reli, na miti ya mbali, na watu waliojaa uani wakimtazama yeye. Kisha akaniambia, "Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakifuata." Jumamosi ijayo anakuja. Ameomba nyundo yako, nimempa.

Basi nakuahidi hili, na Bibi ni shahidi: kila mwaka, kabla mvua haijaanza, ngazi itaanzia kwenye nyumba za wanaoibeba. Jumamosi tunaanza kwa Mama Shija. Kisha wazee, wote, mpaka mwisho wa mji, na wewe nitakuwa nakupitia makaburini Ijumaa kukuambia tulikofika, hata kama hujibu, maana uliniacha na madeni ya matusi ambayo sijayamaliza.

Lala, mtani wangu. Mungu akuweke mahali pema. Paa lako la sasa ni udongo wa Tabora, na waliokufukia ni Wanyamwezi, kwa hiyo najua halivuji.

Ni mimi mtani wako,
Fundi Maganga, Ng'ambo